Mjukuu Asiyejua Kusalimia

Thomasi alikuja kuaga asubuhi, wakati shemeji yake Minza anaanika pamba uani, na kwa jinsi alivyokataa kiti, Minza akajua kuna jambo. Mtu akija kwa heri katika mji wa kaka yake hukaa, akapewa maziwa ya mgando, akauliza habari za ng'ombe hata kama amewaona njiani. Huyu alisimama. Kisha akazichomoa fimbo zake mbili za ngoma kutoka kwapani, akazilaza juu ya kinu.

"Shemeji, mwambie kaka sijamkimbia yeye," alisema. "Nimeikimbia aibu."

Alikuwa anakwenda Mwandoya, kwa Machibya. Minza alidhani anakwenda kupiga ngoma huko, akauliza. Thomasi akatazama chini, akajibu kwamba hapana, huko ngoma hazipigwi tena na watu. Yeye atabeba betri.

Sasa ni lazima niwaeleze aibu yenyewe, maana bila hiyo hakuna hadithi. Bujiku, mume wa Minza, alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma wa Wagika, kundi la wachezaji la Mwamapalala. Kila Saba Saba, pamba ikishavunwa, kundi lake lilikutana uwanjani Bariadi na Wagalu wa Machibya kutoka Mwandoya. Makundi mawili hucheza wakati mmoja, moja huku na jingine kule, kila manju akiimba nyimbo mpya za mwaka ule na kumchamba mwenzake bila huruma. Hakuna jaji. Watu wenyewe husimama katikati, na anayewavuta upande wake ndiye mshindi. Ukishindwa huhitaji kutangaziwa, unaona tu migongo.

Bujiku alikuwa ameona migongo miaka miwili mfululizo. Wa kwanza alisingizia mafua. Wa pili hakuwa na la kusingizia, kwa sababu Machibya alikuja na kinanda cha betri kutoka Mwanza. Ilikuwa ile miaka ambayo serikali imeachia biashara, wanunuzi binafsi wa pamba wanapishana kwa malori, na mtu akivuna vizuri anarudi nyumbani na kitu ambacho baba yake hakukijua hata jina. Kinanda kile kilikuwa na ngoma ndani yake. Ukibonyeza kidude kimoja kinapiga chenyewe, na kilipiga tangu saa nne hadi jua linazama bila kuomba maji. Uwanja mzima ulihamia huko. Kwa Bujiku walibaki shangazi zake na mbwa mmoja, na mbwa naye aliondoka.

Baada ya hapo wanachama walikaa wakakubaliana: wakikimbiwa tena mwaka huu, kundi livunjwe, kila mtu aende atakako. Kundi hilo lilianzishwa na babu yake Bujiku. Na sasa mpiga ngoma wake mkuu, mdogo wake wa tumbo moja, anakwenda kubeba betri.

Bujiku aliambiwa. Alizichukua zile fimbo, akazichomeka juu ya dari, akaenda kukaa zizini. Chakula cha mchana alikirudisha. Minza alimwonea huruma hadi akachukia, na alipochukia alianza kufikiri, ndivyo alivyoumbwa.

* * *

Minza alisoma kwa masista mpaka kidato cha nne, akaolewa akiwa bado anakumbuka Kiingereza chote, na jioni alifundisha kinamama kusoma katika darasa la kanisa. Mwezi wa tano alikuwa amesikia redioni kwamba huko ng'ambo mashine imemshinda bingwa wa dunia katika sataranji, mchezo wa kete unaofanana kidogo na bao. Mtangazaji alisema mashine hiyo inafikiri. Minza aliacha ugali uungue. Tangu siku hiyo neno hilo halikumtoka: inafikiri vipi, na ikishafikiri, sisi tunakuwa akina nani?

Siku ya gulio alikwenda Bariadi kununua chumvi na mafuta ya taa, mtoto wake Joakim mgongoni. Kwenye marobota ya mitumba kulikuwa na vitabu vilivyoletwa pamoja na nguo, na Apolonia, muuza karanga, alikuwa amenunua rundo zima kwa ajili ya kufungia. Alikuwa anachana ukurasa, anausokota, anajaza karanga. Minza alipochungulia kilichokuwa mapajani mwake, akaona kwenye jalada picha ya kichwa cha mtu chenye nyaya badala ya ubongo, na maneno ya Kiingereza: mashine zinazofikiri, na jamii ya kesho.

Akamshika mkono. Apolonia akasema karanga bei ni ileile. Minza akasema hataki karanga, anataka karatasi. Muuza mitumba wa jirani akacheka kwa sauti, akawaita wenzake waje kumwona mama wa Mwamapalala anayenunua kompyuta kwenye karanga, akamuuliza kama ng'ombe wa huko nao siku hizi wanakamuliwa kwa Kiingereza. Watu wakacheka. Minza aliona joto masikioni, lakini hakuachia kitabu. Apolonia, ambaye hakupenda mteja wake achekwe na mtu asiyenunua hata konzi moja, alimpa kwa bei ya gazeti kuukuu na kumwongezea karanga za mtoto.

* * *

Huo ulikuwa msimu wa kuchambua. Mchana familia hukaa kivulini ukutani, pamba imerundikwa katikati, safi inatupwa huku, fifi, ile chafu, inatupwa kule. Ni kazi ya mikono. Masikio hayana shughuli. Basi Minza akaondolewa kwenye pamba, akapewa kigoda, akasoma. Alisoma Kiingereza kimoyomoyo, akafungua kamusi inapobidi, halafu akawaambia kwa Kisukuma.

Mwanzoni alisikiliza mama mkwe wake tu, bibi Lukresia, mwanamke aliyebatizwa ukubwani, asiyeogopa mtu ila Mungu na nyoka. Bujiku alijifanya anarekebisha mpini wa jembe. Siku ya pili mpini ulikuwa bado haujapona, naye amesogea karibu.

Kitabu kilisema mashine haizaliwi na akili. Inafunzwa kwa mifano. Inaonyeshwa vitu walivyofanya watu, maelfu kwa maelfu, sauti zao, maandishi yao, namna wanavyocheza kete, mpaka na yenyewe inatoa kitu kinachofanana. Bibi Lukresia akauliza kama inalipa ada. Minza akatafuta, akasema haikuandikwa. Bibi akauliza wale watu wanaotazamwa kama wameombwa ruhusa. Hilo nalo halikuandikwa. "Basi mwandishi huyu hajamaliza kazi," alisema bibi, akaendelea kuchambua.

Kuna siku walinogewa hata fifi yote ikaingia kwenye pamba safi, wakalazimika kuanza upya, na hakuna aliyelalamika. Minza alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu shule. Aliamka anawaza sura inayofuata kama mtu anayesubiri mgeni.

Kisha wakafika sura ya kazi. Hapo kitabu kilisema makarani watapungua, wapiga chapa watapungua, na siku moja mashine zitatunga hata muziki. Zitafanya kazi bila kuchoka na bila kula. Bujiku aliweka jembe chini, akamwomba mkewe asome tena hapo kwenye muziki. Akasoma tena. Bujiku akaondoka, akaelekea mazoezini.

Huko alifanya kosa ambalo manju peke yake angeweza kulifanya. Manju akipata habari moto huitungia wimbo papo hapo, hangoji ipoe. Bujiku akatunga wimbo wa sura ile, mtamu wa kulia, kwamba mashine zinakuja, zitachukua ngoma, zitachukua sauti, zitatuacha na mikono mitupu. Aliimba vizuri kuliko alivyoimba kwa miaka mitano. Wapiga ngoma wakamsikiliza hadi mwisho, wakatazamana, na kesho yake wawili hawakuja. Mmoja, tulisikia, alikuwa ameshabandua ngozi ya ngoma yake akaifanya mkanda wa kitanda.

Jioni hiyo Bujiku aliingia uani amekunja uso, akamwambia mkewe akichome kile kitabu.

"Sikichomi, Baba Joakim," alisema Minza. Hakupandisha sauti. "Umemjibu mtu ambaye hujamsikia mpaka mwisho. Uwanjani ungemfanyia hivyo Machibya?"

Kweli Bujiku asingefanya. Akakaa. Akasema haya, soma huo mwisho. Minza akafunua sura ya mwisho, ile ambayo kichwa chake kiliuliza nani atakuwa bwana wa nani, akasoma ukurasa mmoja, akafunua wa pili, na hapo akakutana na jalada. Kurasa zilizobaki zilikuwa zimekwenda na karanga.

Alijua hilo tangu siku ya gulio, lakini hakuwa amejua zimekwenda zipi. Aliona aibu, akawaeleza ukweli, kwamba mwisho umeliwa na watu wa Bariadi. Alitegemea mumewe akasirike. Badala yake Bujiku alikaa wima. Kwenye ngoma, manju akikata wimbo katikati hajashindwa. Amekuachia nafasi, anataka jibu. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hakuna maelezo ya karanga yaliyoweza kumtoa hapo.

"Kaishia kwenye swali?"

"Kaishia hapo."

"Basi ananisubiri mimi," alisema Bujiku, na kwa mara ya kwanza tangu Thomasi aondoke aliomba chakula.

* * *

Kujibu ni jambo moja, kujua unamjibu nani ni jingine. Kila mtu humchamba mwenzake kwa nafasi aliyonayo: adui kwa namna yake, shemeji kwa namna yake. Mashine ni nani? Siku mbili Bujiku alizunguka zizi akinong'ona, hatoi kitu. Ndipo bibi Lukresia, mikono ikiwa kwenye pamba, akamuuliza mkwewe polepole: huyo mwandishi kafundishwa na nani? Minza akasema na watu, walimu wake. Na mashine imefundishwa na nani? Na watu kama mwandishi, kwa kazi za watu.

"Basi mnaogopa nini?" alisema bibi. "Sisi tumemzaa anayefundisha, anayefundisha kamzaa huyo. Ni ng'wizukulu. Ni mjukuu wetu. Mjukuu haogopwi, mjukuu anataniwa."

Minza alicheka hadi machozi, kisha akaacha kucheka, kwa sababu aliona kwamba katika kitabu kizima hakuna aliyeliweka jambo hilo hivyo. Kwao mjukuu na bibi hutaniana tangu mtoto anajua kukaa. Bibi humwita mjukuu mume wangu, humwibia nyama, humcheka meno yakimtoka, na katika kutaniwa huko mtoto hujua adabu. Mjukuu asiyetaniwa huharibika. Bujiku alikuwa ameshasimama. Alikwenda zizini, na safari hii ng'ombe walisikia wimbo.

* * *

Saba Saba ilifika na vumbi lake. Uwanja wa Bariadi ulijaa tangu asubuhi: wanunuzi wa pamba wamevaa miwani, masista, wafugaji wa Meatu na fimbo zao, akinamama wa madodoki na mihogo, na Apolonia na karanga zake. Machibya alikuwa amepiga hatua. Mwaka huu alikuwa na spika mbili, na kinanda kimewekwa juu ya meza yenye kitambaa. Nyuma ya meza alisimama Thomasi, mikono kifuani, analinda betri. Minza alipomwona akakwepesha macho. Kijana mwenye mikono ile, hana cha kuishikisha.

Bujiku alikuwa na ngoma tatu badala ya sita. Machibya akabonyeza kidude, uwanja ukatikisika, na watu wakaanza kusogea upande wake, kama mwaka jana, bila hata kujua kwamba wanasogea. Minza alisimama na akinamama wa kundi. Wanachama walikuwa wanatazamana. Mmoja alikuwa tayari anafungua njuga miguuni.

Hapo Bujiku akafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Alinyamazisha ngoma zake zote tatu. Akatoka kwenye kundi lake, akavuka uwanja peke yake hadi mbele ya meza ya Machibya, na hakumtazama Machibya kabisa. Akakiinamia kinanda kama mzee anavyomwinamia mtoto, akaanza kuimba juu ya mdundo uleule wa kinanda.

Akakiita mjukuu. Akasema, mjukuu wangu, nimesikia umekua, nimesoma habari zako, unacheza kete na wafalme. Unafanya kazi bila kula. Vizuri, lakini nani atanunua mahindi yangu kama wafanyakazi wote hawali? Unataka kuoa? Ng'ombe wa mahari nitakutolea, lakini binti ukimwimbia atajuaje kwamba unampenda yeye, na jana ulimwimbia hivyohivyo mwenzake? Sauti yako ni ya babu zangu, ngoma yako nimeitambua, ni ya kwetu, nani kakupa na hukusema asante? Njoo nyumbani, bibi yako kakuwekea nyama. Lakini kwanza, mjukuu, mbele ya watu hawa wote, nisalimie.

Akatega sikio.

Kinanda kikaendelea, tu-tu-ta, tu-tu-ta.

Alianza kucheka mtu mmoja, mwanamke, na nadhani alikuwa Apolonia. Kisha uwanja mzima. Watu walicheka wakishikana mabega. Bujiku akarudia, nisalimie mjukuu, akatega sikio tena, na kila kinanda kilipojibu tu-tu-ta watu walikufa upya. Wazee wakapaza sauti kwamba mtoto huyu kalelewa na nani. Wagika wakaingia na ngoma zao, akinamama na vigelegele, na Minza akajikuta yumo katikati anaruka na Joakim mgongoni, analia na kucheka kwa pamoja.

Mtu mwingine angekasirika, lakini Machibya alikuwa manju kweli, na manju kweli hawezi kuacha nafasi nzuri impite. Alishika kipaza sauti, akaimba kwa sauti ya kitoto:

"Babu, shikamoo sijafundishwa. Walionifundisha walinionyesha mikono yenu tu, hawakunionyesha nyumba yenu."

Jibu hilo lilikuwa zuri mno. Watu walilipokea kwa kelele, na kwa dakika kadhaa haikujulikana tena upande upi ni wa nani, kwa sababu manju wawili walikuwa wanajibizana juu ya meza moja, babu na mjukuu, na uwanja wote umewazunguka. Hapo Thomasi hakuweza tena. Mikono ilimshinda. Alichukua sanduku tupu la kinanda, akaligeuza, akalipiga kwa viganja, si kwa kufuata mdundo wa mashine, bali kwa kuuzunguka, akiuacha, akiurudia, akiukosesha njia na kuurudisha. Tulimsikia hata tuliokuwa mbali. Bujiku aligeuka akamwona mdogo wake.

Jua lilipozama wanachama wa kundi la Mwamapalala walitafuta suala la kuvunja kundi, hakuna aliyelikumbuka vizuri. Hata yule wa mkanda wa kitanda aliuliza ngozi mpya inauzwa wapi. Thomasi alirudi nao. Betri aliiacha kwa mwenyewe.

* * *

Wiki haikuisha. Minza yuko kivulini na pamba ya mwisho, akaona baiskeli inakuja, na nyuma ya baiskeli kitu kirefu kimefungwa kwa kanga. Machibya alishuka mbali kama adabu inavyotaka, akasalimia, "Mwadila," akaitikiwa. Alikubali kiti. Akanywa maziwa. Akauliza habari za ng'ombe. Baada ya hayo yote akasema kilichomleta: anaomba na yeye asomewe kile kitabu, kwa sababu mwakani hataki kujibu kwa kubahatisha.

Bujiku alijidai kufikiri, halafu akacheka. Thomasi akaenda kumletea mgeni kigoda kizuri zaidi. Machibya akauliza kabla hawajaanza, kama si vibaya, mwisho wake unakuwaje, nani anakuwa bwana wa nani?

"Mwisho ulifungiwa karanga," alisema Minza.

Walicheka wote, isipokuwa bibi Lukresia. Alikuwa anakitazama kile kilichofungwa kwenye kanga, kimeegemezwa peke yake kwenye baiskeli, juani. Akamwambia Minza aanze upya, ukurasa wa kwanza, polepole.

"Na huyo mjukuu mleteni hapa kivulini," alisema. "Hamwezi kumwacha nje halafu mkasema hajui kusalimia."